Mchanga wa Mito Yetu

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Dodoma)



Tulipoombwa na Halmashauri kuleta maneno machache katika mkutano huu wa jioni, tuliambiwa tuchague jambo lolote lifaalo, mradi lisiwe la mishahara wala la uhamisho, maana hayo yana siku yake. Tukachagua mchanga. Wako waliocheka walipoliona jina hilo katika tangazo ubaoni, wala hatukuwalaumu; kwani ni nani katika Ugogo asiyeujua mchanga? Twaukanyaga, twautafuna katika mboga iliyooshwa kwa haraka, twaufagia uani asubuhi na jioni twaukuta tena. Walakini mtu aweza kukaa na jirani miaka ishirini asijue alikozaliwa wala kazi aifanyayo. Na huyu jirani yetu sasa anahamishwa, tena kwa malori, mchana na usiku; ndiyo sababu tumeona yafaa kumsema wangali wapo wa kutusikiliza.

Mezani hapa mwaona chupa tatu. Adhuhuri ya leo tulitia mchanga katika kila moja kadiri ya nusu, tukajaza maji yenye chumvi kidogo, tukatikisa kwa nguvu, kisha tukaziacha zitulie. Twaomba mtu asiziguse hata tutakapozirudia.

Basi mchanga ni nini? Neno hili lataja ukubwa wa chembe tu. Chembe ikizidi milimita 2 huitwa changarawe au kokoto. Ikipungua hata sehemu moja katika kumi na sita ya milimita, huwa ni tope au udongo wa mfinyanzi. Zilizo katikati ndizo mchanga, ziwe zimetoka katika jiwe lolote. Kwa hiyo mchanga mweupe wa pwani nyingi za Unguja ni magamba ya kombe na matumbawe yaliyosagwa na mawimbi, na penye volkano waweza kuwa mweusi kama makaa. Wa kwetu ni mwana wa majabali haya tunayoyaona kila upande wa mji.

Majabali hayo ni ya jiwe liitwalo graniti, na umri wake wapita miaka milioni 2,500. Ukilitazama kwa karibu utaona limefanyizwa kwa vitu vitatu hasa. Kuna ulanga, unaong'aa kama magamba ya samaki. Kuna feldispa, yenye rangi nyeupe au ya waridi. Na kuna kwatsi, iliyo kama kioo chenye ukungu. Jua la mchana hulipasha jabali moto, baridi ya usiku hulipoza, na jabali hubanduka matabaka kama maganda ya kitunguu. Mizizi ya mtumba na mkuyu huingia katika nyufa. Lakini mharibifu mkubwa kuliko wote ni mvua, kwa sababu maji ya mvua huchukua hewa fulani angani na udongoni yakawa na ukali kidogo, kama maji yaliyokamuliwa ndimu moja katika pipa zima. Ukali huo hauwezi kitu mbele ya kwatsi. Feldispa, kwa muda wa maelfu ya miaka, hulainika ikageuka udongo wa mfinyanzi. Jabali lililopoteza feldispa yake ni kama ukuta uliopoteza saruji: hubomoka lenyewe. Kisha mvua kubwa huchukua udongo ule mwepesi ikaupeleka mbali, mpaka mbugani na katika mabwawa, na chembe nzito za kwatsi huachwa njiani, katika makorongo na mito.

Kwa kuwa mchanga wetu haujasafiri mbali, chembe zake zina pembe na ncha. Zichukueni kidogo kati ya vidole mzisugue, mtasikia zinakwaruza. Ndiyo sifa apendayo mwashi, maana chembe zenye pembe hushikana. Mchanga wa jangwani husukumwa na upepo mpaka chembe zake zikawa laini na mviringo kama mtama, na kwa sababu hiyo nchi za Ghuba, zilizozungukwa na mchanga upande wote, zimenunua mchanga wa kujengea ng'ambo ya bahari. Sisi tusio na bahari wala jangwa tumejaliwa mchanga ulio bora.

Kwatsi ni ngumu kuliko chuma cha kisu, na ndiyo maana wazee walinoa panga kwa mchanga juu ya gogo, na mama zetu wakasugua masufuria kwa mchanga na majivu mpaka yakang'aa. Haiyeyuki ila kwa moto wa digrii zipatazo 1,700; kwa hiyo mwuza karanga hukaanga karanga zake katika mchanga wa moto, nao huzipasha pande zote sawasawa bila wenyewe kushika moto. Watengeneza kioo huchanganya mchanga safi na magadi na chokaa ili uyeyuke upesi zaidi. Wenzetu wa reli waweza kuwaeleza kwamba kichwa cha treni huchukua sanduku la mchanga, ukamwagwa juu ya reli magurudumu yanapoteleza mlimani. Na sisi wa maofisini tumezifahamu zile ndoo nyekundu za mchanga zilizotundikwa ukutani kwa hatari ya moto. Katika ofisi moja tuliyofanya kazi, ndoo zile zilikuwa na vipande vya sigara na maganda ya machungwa kuliko mchanga, na Mungu alitusaidia moto haukutokea. Wengi wetu vilevile tuliandika herufi ya kwanza ya maisha yetu kwa kidole, mchangani, chini ya mti, na mwalimu akifuta kwa mguu.

Jambo jingine lapasa kujulikana na kila anayejenga, kwa kuwa wengi wameibiwa bila kujua. Mchanga mkavu kabisa na mchanga uliojaa maji huchukua nafasi karibu sawa. Lakini mchanga wenye unyevu kidogo huvimba, kwa sababu utando mwembamba wa maji huzishika chembe zisikaribiane, na fungu laweza kuongezeka kwa robo nzima. Mwenye lori akinyunyiza maji na kukuuzia kwa ujazo, umelipa fedha kwa hewa. Na fundi akipima zege, sehemu 1 ya saruji kwa 2 za mchanga na 4 za kokoto, naye akitumia mchanga uliovimba, kipimo chake kimeharibika pasipo yeye kujua.

Hayo tumeyapita upesi. Sasa twafika kwenye jambo lililotuleta.

Sisi wa nyanda hizi za kati tunaishi kwa mvua ya milimita zipatazo 570 kwa mwaka, nayo hunyesha toka Desemba hata Aprili. Miezi mingine yote ni jua na upepo. Jua hilo laweza kukausha, katika maji yaliyo wazi, kina cha zaidi ya mita 2 kwa mwaka. Hesabu hiyo peke yake yatosha kumkatisha mtu tamaa. Mito yetu hupita maji kwa saa chache au siku chache baada ya mvua kubwa, kisha hubaki mchanga mtupu. Mgeni aipitapo Kinyasungwe mwezi wa Septemba juu ya daraja husema, "Mto huu umekufa." Mwenyeji hajibu kitu. Hushuka na kata na kibuyu, hutafuta mahali mto unapopinda au penye mwamba uliokatiza chini, akachimba kwa mikono. Kwanza mchanga mkavu, kisha wenye unyevu, kisha maji hujikusanya taratibu, safi na ya baridi.

Siri yake ni hii. Katika kila fungu la mchanga, sehemu thelathini hadi arobaini katika mia ni nafasi tupu kati ya chembe na chembe. Mafuriko hujaza nafasi hizo. Maji yakishuka chini kadiri ya mita moja, jua huweza kuchukua kidogo sana, kwa kuwa mchanga mkavu ulio juu umekuwa kifuniko. Mbu hapati mahali pa kuzalia, na uchafu mwingi huchujwa njiani.

Tusidhani kuchujwa huko ni jambo dogo. Mwaka 1829 mhandisi James Simpson alianza kuchuja maji ya London kwa vitanda vya mchanga. Na mwaka 1892, kipindupindu kilipoingia katika mji wa Hamburg huko Ujerumani, ulionywa maji ya mto Elbe bila kuchuja, kiliua watu zaidi ya 8,600. Mji wa Altona uliopakana nao, uliokunywa maji ya mto uleule lakini ukiyapitisha mchangani kwanza, ulipona kwa sehemu kubwa. Hata hivyo hatusemi kila kisima cha mchangani ni salama. Kisima kisichozungushiwa miiba, ng'ombe wakashuka humo, maji yake yapasa kuchemshwa, na wazee waliotenga kisima cha watu na kisima cha mifugo hawakufanya hivyo kwa adabu tu.

Natufanye hesabu kidogo, maana tu makarani. Chukueni mto wenye upana wa mita 20 na mchanga wa kina cha mita 2. Kilometa moja ya mto huo ina mita za ujazo 40,000 za mchanga. Tukikadiri kwamba robo yake ni maji yawezayo kutekwa, tumepata lita milioni 10. Sasa lori moja la mita za ujazo 7 likiondoka na mchanga, limeondoka na mahali pa lita 1,750, ndiyo madebe 87 ya lita 20. Wala si kwa mara moja. Madebe hayo yangalijaa tena kila masika.

Yupo atakayesema, "Hayo ni mambo ya vijijini, sisi wa mjini twanywa maji ya bomba." Bomba hilo linaanzia wapi? Maji ya mji huu kwa miaka mingi yametoka hasa katika visima virefu vya Makutupora, kaskazini yetu. Kimo cha maji katika visima vile kimepimwa na kuandikwa tangu miaka ya 1950, na watumishi wenzetu walioandika tarakimu zile mwezi kwa mwezi, pasipo kujua zitamfaa nani, wameacha kumbukumbu ambazo mfano wake katika nchi za joto ni wa nadra. Mwaka 2013 Richard Taylor wa London na wenzake, Watanzania wakiwamo, walizichapa na kuonyesha kwamba visima hivyo havijazwi kila mwaka. Maji hushuka miaka kadhaa mfululizo, kisha huja masika makubwa mno, kama yale ya 1997 na 1998, yakayapandisha tena. Na mwaka 2021 David Seddon, Japhet Kashaigili wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Taylor na wenzao walieleza njia yanakopita: maji mengi huingia ardhini pale vijito vya msimu vinapotiririka juu ya vitanda vyao vya mchanga. Basi mchanga ule ndio mdomo wa kisima cha mji.

Mji wenyewe nao unakua. Uamuzi wa kuuhamishia hapa makao makuu ulitolewa mwaka 1973. Serikali ikahamia kwa nguvu kuanzia 2016, na mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2012 tulikuwa 410,956. Katika hesabu ya 2022 tukawa 765,179. Watu hawa wote wanataka nyumba, na hakuna nyumba ya matofali ya saruji, wala lipu, wala zege, bila mchanga. Tembe ya wazee wetu ilitaka miti na udongo wa hapo hapo. Nyumba yetu ya leo yataka mto. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitangaza mwaka 2022 kwamba dunia hutumia mchanga na kokoto kadiri ya tani bilioni 50 kwa mwaka, na baada ya maji hapana kitu kitumikacho kwa wingi kama huo.

Tutasimulia tuliyoyaona sisi wenyewe, bila kutaja mahali. Kuna mto mmoja tulioujua tangu utoto, ambamo mama yetu alichimba maji kwa kina cha mkono mmoja mwezi wa Agosti. Malori yalianza kushuka pale likizo moja tulipokwenda kusalimu; vijana walifurahi, kwani kujaza lori kwa chepe kuna ujira wa siku hiyohiyo, nasi tulifurahi pamoja nao. Baada ya miaka minne kisima kilikuwa kirefu hata anayechota alishuka ndani, na mwingine alisimama juu kupokea ndoo. Kingo zilianza kuanguka, zikachukua shamba la mihogo la jirani. Tulipokwenda mwisho tulikuta mwamba mtupu katikati ya mto, umeng'aa kama sakafu. Tulimwuliza shangazi maji anateka wapi sasa. Akatuuliza nyumba yetu ya mjini imefikia wapi. Tukamwambia imefika lenta. Akanyamaza, nasi tukanyamaza.

Kwa haki, lazima tuseme pia upande wa pili. Mto huleta mchanga mpya kila masika, na kuchota kidogo kuliko unavyoletwa hakudhuru. Mahali pengine mchanga umekuwa mwingi kupita kiasi. Huko Kondoa, milima ilipokwisha kuvuliwa miti na majani, mchanga ulishuka ukafunika mashamba ya bondeni. Kazi ya Hifadhi Ardhi Dodoma, iliyojulikana kwa jina la HADO, ilianzishwa mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la kilometa za mraba 1,256. Amri ile iliwauma sana wenye ng'ombe, nasi hatuwezi kuisifu bila kulikumbuka jambo hilo. Lakini majani yalirudi, mito ya mchanga ikawa myembamba, na watu wakalima palipokuwa mchanga mtupu. Mabwawa yetu nayo yana habari hiyohiyo. Mwaka 1972 Anders Rapp wa Uswidi na wenzake walichapa uchunguzi wao wa mabonde ya Ikowa, Matumbulu, Msalato na Imagi, wakaonyesha jinsi udongo na mchanga ulivyokuwa ukiyajaza mabwawa yale kwa upesi. Bwawa likianza kujaa, mchanga mzito huanguka kwanza pale mto unapoingia, na tope jepesi huenda mbele hata ukutani.

Majirani zetu wa Ukambani, nchini Kenya, wameyapata mambo haya kabla yetu. Malori ya Nairobi yalikausha mito yao, ugomvi wa mchanga ukamwaga damu, hata Kaunti ya Makueni ikatunga sheria yake mwaka 2015, kwamba mchanga usichotwe ila kwa kibali na mahali palipotengwa. Nao wamefanya zaidi ya kuzuia. Katika Kitui, Makueni na Machakos wamejenga mamia ya kuta fupi za zege kukatiza mito ya mchanga, juu ya mwamba; mafuriko huleta mchanga, ukuta huuzuia, na nyuma yake panakuwa na ghala la maji ambalo jua halilifikii. Mto wetu ulio na mwamba karibu haukosi mahali pa ukuta kama huo.

Kwetu sheria haikosekani. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 yataka leseni kwa mchimba mchanga wa kujengea, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yazuia kazi za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Lakini karatasi hizo hupita mikononi mwa nani? Baadhi yetu katika chumba hiki hugonga mihuri juu yake. Na wengi zaidi tumepewa viwanja, tunajenga kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi, na lori likija mlangoni twauliza bei tu. Tukiuliza pia mchanga umetoka mto gani, na kwa kibali gani, mwenye lori atajua kwamba swali hilo litaulizwa na nyumba ya pili na ya tatu. Mchanga wa mahali pengine upo: ule ulioziba vichwa vya mabwawa, ambao kuutoa ni faida mara mbili, ule wa mashamba yaliyofunikwa, na ule wa kusaga, kwa kuwa majabali yale yale yaliyouzaa mchanga wa mto yaweza kuvunjwa kwa mashine, na chembe zake zina ncha kali vilevile. Wa kusaga una vumbi, sharti upepetwe au uoshwe. Gharama yake pengine itazidi kidogo. Hilo tunalikubali mbele yenu bila kuficha.

Na sasa tuzirudie chupa. Kanuni ya mafundi ni kwamba tope lililotulia juu ya mchanga likipita sehemu moja katika kumi, mchanga huo haufai kwa zege mpaka uoshwe. Chupa ya kwanza ni ya mchanga wa mtoni: mwaona mstari mwembamba tu wa tope. Ya pili ni mchanga ulioletwa nyumbani kwa mwanachama mmoja wiki iliyopita, akiambiwa ni wa mtoni. Tope lake ni robo kamili, naye yupo hapa nasi ameturuhusu kusema. Ya tatu ni mchanga wa kusaga, ulioshwa mara moja. Rula hii hapa. Mwenye kutaka na aje apime mwenyewe, kisha tutapokea maswali.